Mkono Uliolinyoosha Gari

Wafugaji wa kilima kimoja walikuwa na gari la maziwa, na gari hilo lilikuwa linavuta kushoto. Wao hawakulijua hilo. Walichokijua ni kwamba dereva wao wa kwanza alikuwa mlevi na dereva wao wa pili alikuwa mwanamke hodari, na maneno hayo mawili waliyasema kwa uhakika ule ule.

Kilima chenyewe kilikuwa cha chai na migomba, mahali ambapo mvua hainyeshi ikaisha. Karibu kila nyumba ilikuwa na ng'ombe. Asubuhi watu walishusha maziwa kwenye kituo kilichojengwa kando ya barabara ya lami, yakamiminwa kwenye madumu makubwa ya bati, yakapakiwa garini na kupelekwa kiwandani mjini. Barabara hiyo inateremka ikiwa imeung'ang'ania mlima. Kulia kwake ni ukuta wa udongo mwekundu. Kushoto ni bonde, na chini ya bonde kuna mto unaosikika bila kuonekana. Gari linapoteremka na mzigo, kushoto ndiko ambako hakuna anayetaka kwenda.

Dereva wa kwanza aliitwa Ipyana. Alikuwa amelizoea gari lile kama mtu anavyoizoea nyumba yake. Asubuhi moja ya mvua lilimshinda kwenye kona iliyo juu ya daraja. Halikufika bondeni, kwa sababu mkaratusi mmoja ulilizuia. Lakini kabla ya kuufikia mkaratusi lilimkuta mwanamke aliyekuwa akitembea pembeni na mzigo wake, Mama Tusekile, likamvunja mguu. Mguu ule uliunga vibaya, na tangu siku hiyo alitembea kwa fimbo.

Ipyana alikuwa na desturi ya kunywa pombe jioni, kama walivyokuwa nayo wanaume wengi wa kilima kile, wakiwemo waliokaa kwenye kamati ya chama. Asubuhi ile hakuwa amekunywa. Alijaribu kueleza kwamba gari lilikuwa linamvuta, na kwamba alikwisha kulisema jambo hilo kabla ya ajali. Mwenyekiti wa chama, Mzee Asagwile, alisimama mbele ya wanachama akasema kuwa gari ni chuma, na chuma hakina nia. Kosa ni la mkono ulioshika usukani, na sote tunajua, alisema, mkono huo hushika nini jua likizama. Watu wakacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa hukumu. Ipyana akarudi shambani, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwazima hata pikipiki.

Gari likapelekwa gereji, likanyooshwa bodi, likapakwa rangi, likarudi. Na chama kikamtafuta dereva mwingine.

Huyu wa pili ndiye Subilaga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, aliyewahi kuendesha lori la kubebea majani ya chai, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza tu aliona kwamba gari likienda sawa, usukani umekaa upande, kama kofia iliyovaliwa vibaya. Na akilegeza mkono kidogo, pua ya gari inaanza kutafuta kushoto. Alipofika alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Asagwile.

"Mwenyekiti, gari linavuta."

"Linavuta wapi, mama?"

"Kushoto. Na usukani umelala."

Mzee Asagwile hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mtu aliyependa mambo yaonekane sawa. Akamwagiza alipeleke gari gereji, usukani unyooshwe. Na kweli, fundi wa mjini alifanya alichoagizwa. Aligusa gusa fimbo zinazoyageuza magurudumu ya mbele, kisha akaung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Subilaga aliporudi, mwenyekiti alipanda kando yake, akautazama usukani, akaona umekaa wima, akaridhika. Alishuka akawaambia watu kwamba tatizo limekwisha.

Lakini usukani ndio ulionyooshwa. Gari lilibaki lilivyokuwa.

Subilaga alilijua hilo kabla hajafika kona ya kwanza. Sasa usukani ulionekana umenyooka, na bado kila alipoteremka ilimbidi auvute kwa mkono wa kulia, kwa nguvu ile ile, kutoka kituoni mpaka kiwandani. Mvua ikinyesha gari lilikuwa linaelea, mkia unataka kwenda kwake na kichwa kwake. Akikanyaga breki alikuwa anakaza meno. Tairi za mbele zililika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana, zikabadilishwa, na zile mpya nazo zikaanza kulika vile vile. Kila akisema, alijibiwa kwamba gari limekwisha kutengenezwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka.

Basi akalishika. Alikuwa na nguvu, naye alikuwa anaona fahari kuwa nazo. Alijifunza kulipinga gari mapema kabla halijaanza kuvuta. Alijifunza kona zote na lami yake ilivyolala. Maziwa yalifika yakiwa mazima, siku baada ya siku, na watu wakaanza kumsifu. Akina mama walipokuwa wakisubiri zamu ya kupima maziwa walisema mbele yake: "Tangu Subilaga ashike gari, gari limepona." Na mmoja alikuwa haachi kuongeza: "Kumbe lilikuwa halina ugonjwa. Alikuwa nao yule."

Mwanzoni sifa hizo zilimpendeza. Nani asiyependa kusifiwa kwa kazi ya mikono yake? Jioni aliingia kwake bega la kulia likiwa limekufa ganzi, akalikanda kwa maji ya moto, akajiambia kwamba hiyo ndiyo kazi, na kwamba aliyepewa nguvu amepewa azitumie. Alikaa na fikra hiyo muda mrefu. Ilikuwa fikra nzuri, nayo ilikuwa inamla kama gari lilivyokuwa likizila tairi, upande wa ndani, mahali ambapo mpita njia haoni.

Siku moja ya gulio aliegesha gari chini ya ukuta wa udongo ili apoze injini. Ipyana alikuwa anapanda barabara na mkungu wa ndizi kichwani. Walikuwa wakijuana kwa salamu tu. Ipyana alisimama mbali kidogo na gari, kama mtu asimamavyo mbali na mbwa aliyewahi kumuuma.

"Habari za safari, dada."

"Nzuri, kaka. Karibu."

"Nasikia gari limepona."

Subilaga alitaka kujibu ndiyo, kwa sababu ndivyo watu wote walivyokuwa wakisema. Badala yake akauliza kitu ambacho hakuwa amepanga kukiuliza.

"Kaka Ipyana, ulipokuwa unaliendesha hili, jioni ulikuwa unaumwa wapi?"

Ipyana akainua mkono akalishika bega lake la kulia. Alilishika mahali pale pale.

"Nilidhani ni uzee," akasema. "Halafu waliposema ni pombe, nikadhani ni pombe. Siku ile sikunywa, dada. Lakini wamesema mara nyingi mpaka siku hizi hata mimi nakaa najiuliza, labda nililala kwenye usukani. Labda nilikunywa nikasahau."

Akajitwisha mkungu wake vizuri akaendelea kupanda. Subilaga alibaki ameketi na mlango wazi. Angalieni kilichomuuma. Hakuumizwa na bega, kwa maana bega alikwisha kulizoea. Kilichomuuma ni kuelewa kwamba kila siku aliyolifikisha gari salama, alikuwa anatoa ushahidi dhidi ya mtu huyu. Nguvu zake ndizo zilizokuwa zinasema, "Mnaona? Gari ni zima." Mkono wake ulikuwa umeuficha upotovu wa gari, na kwa kuuficha ulikuwa umempa mwingine upotovu huo aubebe kichwani pamoja na ndizi zake.

Akashuka, akazunguka gari taratibu. Akainama akapitisha kiganja kwenye tairi ya mbele, upande wa ndani, akahisi nyuzi zikimchoma. Halafu akafunga mlango, akalirudisha gari kituoni, akalisimamisha mbele ya ofisi ya chama, akatia ufunguo mfukoni.

Asubuhi iliyofuata watu walikuta madumu yamejaa na dereva ameketi kwenye ngazi ya ofisi, mikono mapajani. Mzee Asagwile alipofika, akamuuliza anaumwa nini.

"Mimi siumwi, Mwenyekiti. Gari ndilo linaumwa. Siliendeshi mpaka litazamwe lote, mbele na nyuma, chini na juu."

"Jana si uliliendesha?"

"Jana nililibeba."

Mwenyekiti alijaribu kwa upole. Akamkumbusha kuwa maziwa hayasubiri. Akamkumbusha kuwa watoto wa watu wanasoma kwa maziwa hayo. Akamwambia kwamba chama kilimwamini, tena mwanamke, wakati wengi walikuwa na mashaka. Subilaga alimsikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama, na alipomaliza akamjibu yale yale. Jua likapanda. Maziwa yakaanza kunuka. Kufika mchana watu walikuwa wanayamwaga kwenye mfereji ulio nyuma ya kituo, meupe juu ya matope, na waliokuwa wakiyamwaga walikuwa wakimtazama yeye. Wale wale waliosema gari limepona sasa walisema amepandwa na kiburi kwa sababu ya sifa. Dumu la maziwa ya nyumbani kwake lilikuwa miongoni mwa hayo. Akaenda akalimwaga kwa mkono wake, akarudi kuketi kwenye ngazi.

Mnadhani hakuogopa? Aliogopa. Alikuwa na nyumba ya kulisha, na aliwajua watu wa kilima kile, jinsi walivyomcheka Ipyana. Lakini hakuutoa ufunguo.

Kesho yake ukaitwa mkutano wa wanachama wote, hapo hapo kituoni. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi kisha ikakatika, na mbele ya kituo dimbwi lilikuwa limetuama barabarani. Baada ya hapo barabara hunyooka na kuwa tambarare kwa kitambo, lami imekauka, na upande wa kushoto mahali hapo hakuna bonde, kuna mtaro wa nyasi tu. Mzee Asagwile alisimama akaeleza mambo mawili. La kwanza, gari lilikwisha kutengenezwa na usukani umenyooka kama kila mtu anavyoweza kuchungulia dirishani na kuona. La pili, dereva anayekataa kazi hadharani anakifundisha chama kizima utovu wa nidhamu. Akapendekeza aondolewe.

Watu wakaguna kukubali. Subilaga akasimama. Hakuomba nafasi ya kujitetea. Aliomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kuondolewa aliendeshe gari mara ya mwisho, hapo kwenye tambarare, polepole, na mwenyekiti akae kando yake. Hakuna aliyeona sababu ya kumnyima.

Wakapanda. Gari likapita kwenye dimbwi, likaingia kwenye lami kavu, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Watu walikuwa wanatembea kando kando, wengine mbele, wengine nyuma. Gari lilikuwa linakwenda sawa, na mwenyekiti alikuwa amekwisha kutabasamu kwa waliokuwa dirishani. Ndipo Subilaga alipoinua mikono yote miwili, akaiweka hewani mbele ya uso wa mwenyekiti, akasema:

"Mikono yangu hii hapa. Sasa tuone ni nani anayepinda."

Gari halikusita. Likageuza pua kushoto, kwa utulivu, kama ng'ombe anayejua zizi lake lilipo, likavuka ukingo wa lami na kuanza kuuelekea mtaro. Mzee Asagwile aliushika usukani kwa mikono yake mwenyewe, akauvuta kwa nguvu zake zote. Subilaga akakanyaga breki. Gari likasimama, gurudumu moja kwenye nyasi. Mwenyekiti alikuwa anahema. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya chama kile, mtu aliyesema gari ni zima alikuwa amelishika.

Nanyi mnajua watu walivyo. Mtu anaweza kuishika kweli kwa mikono yake na akashuka akaikana. Mzee Asagwile alishuka, akajifuta jasho, akawaambia wanachama: "Mmeona wenyewe. Ameachia usukani kwa makusudi. Gari gani halitoki barabarani likiachiwa?"

Maneno hayo yalikuwa na sura ya ukweli. Wengine wakaanza kuyaitikia kwa kichwa. Subilaga aliona mkutano unamponyoka. Akatazama katikati ya watu, akamwona Ipyana amesimama mwisho kabisa, nyuma ya wengine, mahali alipozoea kusimama tangu aondolewe kazini. Subilaga akalirudisha gari kituoni, akashuka, akauacha mlango wazi.

"Kaka Ipyana," akaita. "Njoo ukae hapa."

"Huyo haruhusiwi kuendesha," mwenyekiti akasema.

"Haendeshi, baba. Anakaa, analiwasha, kisha anaachia. Magari yote ya barabara hii yakiachiwa mahali patambarare hupiga hatua kadhaa yakiwa yamenyooka. Hili kama ni zima nalo litafanya hivyo. Kama si zima, litakwenda kwake kule kule, awepo mlevi, awepo mwanamke, awepo mwenyekiti."

Ipyana hakutaka. Ilibidi watu wafungue njia, na aliipita akiangalia chini. Alipokaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya usukani. Akaliwasha. Likapita kwenye dimbwi, likaingia kwenye lami kavu, na alipofika kwenye tambarare akaiondoa mikono yake, akaiweka magotini. Gari likamtoa barabarani upande ule ule. Akalisimamisha. Hakushuka. Akalaza paji la uso juu ya usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika, naye akalia bila sauti mbele ya watu wote, mtu mzima, kwa sababu sasa alijua kwamba hakulala.

Aliyelimaliza jambo lile hakuwa Subilaga wala mwanakamati. Alikuwa ni Mama Tusekile. Yeye kwa mguu wake hakuweza kulifuata gari, akabaki nyuma karibu na dimbwi, ameegemea fimbo na kutazama chini, kama wanavyotazama chini watu wanaoogopa kuteleza. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hebu njooni mtazame hapa."

Alama za safari ya kwanza zilikwisha kukauka, lakini magurudumu yaliyotoka kwenye dimbwi safari hii yalikuwa yamechora maji juu ya lami kavu. Kwenye gari lililo sawa, gurudumu la nyuma hukanyaga pale lilipopita la mbele, na nyuma ya gari unaona mistari miwili. Pale ilikuwa minne. Mistari ya magurudumu ya mbele ilikwenda kwake, na ya magurudumu ya nyuma ilipita kando yake, ikiwa imehamia upande mmoja, tangu kwenye dimbwi mpaka ilipokaukia.

"Ya nyuma hayayafuati ya mbele," Mama Tusekile akasema. "Yanakwenda kwao."

Watu walipanga mstari kutazama, mmoja mmoja, kama wanavyotazama maiti. Mzee Asagwile alitazama pia. Maji yale yakakauka huku wanatazama, lakini walikuwa wamekwisha kuona.

Akaitwa fundi, safari hii si wa kunyoosha usukani. Akalala chini ya gari nyuma, chini ya mahali madumu yanapokaa. Akatoka na kipande cha chuma kiganjani. Ilikuwa bolti ya katikati ya springi, ile inayoushikilia mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma usisogee. Ilikuwa imekatika, na sehemu iliyokatika ilikuwa na kutu ya zamani. Mtaimbo ulikuwa umerudi nyuma upande mmoja, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalikuwa yanalisukuma gari kwenda pembeni, na kila mtu aliyegusa magurudumu ya mbele alikuwa anayapindisha ili yakubaliane na ubovu wa nyuma. Ndiyo maana tairi zilikuwa zinaisha. Ndiyo maana mikono ilikuwa inaisha.

"Bolti hii haikatwi na maziwa," fundi akasema. "Hapa palibebwa kitu kizito kuliko gari."

Wote walikikumbuka. Walipokuwa wakijenga ofisi ya chama, kamati iliamua gari la maziwa libebe mawe kutoka mtoni. Ipyana alisema gari halikuundwa kwa mawe, akaambiwa visingizio avipeleke kwingine. Na hawakuwa wanakamati peke yao waliopakia. Kilima kizima kilishuka siku hiyo, wanaume kwa wanawake, wakapakia mawe kwa nyimbo, na kila mtu akaongeza lake juu ya la mwenzake. Ofisi ile waliyosimama mbele yake kumhukumu Ipyana, na kumhukumu Subilaga, ilijengwa kwa mawe yale.

Gari likatengenezwa. Mtaimbo ukarudishwa mahali pake, bolti mpya ikafungwa, magurudumu yote manne yakapimwa kwa pamoja, la mbele kwa la nyuma. Fundi akaliendesha kwenye tambarare, akaachia, likaenda moja kwa moja mpaka alipoamua kulisimamisha. Watu wakapumua. Mzee Asagwile akamwita Subilaga kando, akamwambia yaliyopita yamepita, kesho aendelee na kazi.

Subilaga akatikisa kichwa.

"Bolti imerudi mahali pake, Mwenyekiti. Jina la mtu bado halijarudi. Lilichukuliwa mbele ya wanachama. Lirudishwe mbele ya wanachama, na mdomo ulioliondoa. Siku hiyo nitashika gari."

"Unataka niaibike?"

"Nataka unyooke, baba. Kama aibu iko njiani, utaipita."

Akamkabidhi ufunguo, akaenda zake.

Gari zima likakaa bila dereva. Maziwa yakashushwa kwa pikipiki na kwa vichwa, na Subilaga alikuwa miongoni mwa wanaoshuka na ndoo kichwani, kwenye barabara ile ile, katika mvua ile ile. Wako waliomtukana. Wako waliomwambia kwamba ameshinda, anataka nini tena. Hakubishana nao. Mzee Asagwile alipita karibu naye mara nyingi, akasalimia, akapita. Alikonda. Si jambo jepesi kwa mtu aliyezoea kuonekana amenyooka. Lakini mwishowe aliitisha mkutano yeye mwenyewe, akasimama mbele ya ofisi ile ya mawe, na akayasema. Alisema Ipyana hakuwa amelewa. Alisema Ipyana alitoa taarifa akapuuzwa. Alisema, "Nilikuwa najua amesema, na nikanyamaza." Kisha akamgeukia Mama Tusekile, ambaye mguu wake hauwezi kurudishwa na mkutano wowote, akamwinamia.

Ipyana alisimama mbele, si nyuma. Hakucheka wala hakulia. Alisema tu kwamba amesikia.

Kesho yake Subilaga alipanda garini. Akateremka na maziwa, bonde likiwa kushoto kwake na mto ukisikika chini, na alishika usukani kwa vidole.

Nanyi mnaoketi mkisikiliza, mnaosema nyumba yenu imenyooka, na kanisa lenu, na chama chenu, na nchi yenu: ni bega la nani linalouma jioni ili ninyi muendelee kusema hivyo, na siku atakapoinua mikono yake mbele ya uso wenu, mtamwita nani mpotovu?